Taa Iliyokuwa Mbovu kwa Mtu Mmoja

Ukimkuta Da Sihaba alfajiri pale Shahe, soko la nguo huku kwa Wachina, ameinamia marobota ya fulana na kugombana na laoban, yaani mwenye duka, kwa sababu ya mshono uliolegea, haitakupitia akilini kwamba Jumapili moja kila mwezi mwanamke huyo huvaa kofia ngumu juu ya kilemba chake chepesi na kwenda kushindana mbio za magari. Mimi niliyekuwa nakaa naye nyumba moja nilidhani ni masihara yake. Mtu wa Unguja akisema jambo huku anakaanga samaki, hujui kama ni kweli au anakuchezea.

Gari lake lenyewe ndilo lililonifanya nisiamini. Ni kile kigari ambacho Wachina hukiita gari la mkate, na kweli kimekaa kama boflo: kifupi, cha mraba, ubavu umebonyea. Siku za kazi kinabeba marobota kutoka Shahe hadi kwenye ghala la mizigo, na mzigo wa haraka ukitokea kinapiga mbio hadi uwanja wa ndege wa Baiyun. Harufu ya nguo mpya haitoki humo hata ukiacha milango wazi.

Alianza mambo hayo kwa bahati tu. Klabu moja ya magari iliagiza fulana kupitia kwake, akazipeleka mwenyewe kwenye uwanja wao nje ya mji, kipande cha lami kilichonyooka kati ya mashamba ya miche ya maua. Wakati anangoja mtu wa kuzipokea akaona kigari kidogo kinalishinda gari kubwa la michezo. Akauliza imekuwaje. Wakamweleza, na tangu siku ile akawa mtu wao.

Aliponieleza mimi tulikuwa njiani, asubuhi ya siku ninayoisimulia. Maonyesho ya biashara ya Pazhou yalikuwa yamekwisha, nami nilikuwa nimechoka kuwatafsiria watu bei, nikamwambia leo nakufuata.

"Sikiliza, Muzdalifa," alisema. "Kila mtu anaandika kwenye kioo chake muda atakaotumia kufika mwisho. Mwenye gari la polepole anaondoka kwanza, mwenye la kasi anangojeshwa kwa tofauti ya muda wao. Atakayefika mbele kashinda. Lakini ukienda kasi kuliko ulivyoandika, umeshindwa, maana umedanganya. Na ukiondoka kabla ya taa ya kijani, inakuwakia nyekundu, umetoka."

"Kwa hiyo si mbio za kasi?"

"Ni mbio za kujijua. Ndiyo maana nazipenda. Mjini huku kila mahali mwenye kikubwa anatangulia. Ni pale tu ndipo anapongoja."

Tulipofika walimpokea vizuri, sitasema uongo. Mwenye uwanja, Bwana Qiu, mtu mnene mwenye miwani ya jua, alimpiga picha akiwa na kofia yake mkononi, akachukua kiingilio, akambandikia kigari namba. Karibu nasi alikuwa Mzee Huang, dereva wa teksi aliyestaafu, na gari lake la zamani alilolipiga msasa mpaka linang'aa. Alitugawia machungwa. Kumbe na fundi wa kumrekebishia Da Sihaba klachi alikuwa ni yeye.

Raundi ya kwanza tu, Mzee Huang akatoka. Mguu ulimponyoka, taa ikamuwakia nyekundu. Aliteremka, akawainamia wasimamizi kidogo, akaenda kukaa juu ya boneti na bakuli lake la tambi. Nikaona jinsi watu wa pale wanavyolichukulia jambo hilo. Hata mwenye gari jeupe aliyefuata kuwakiwa alitoka vivyo hivyo. Nyekundu ni nyekundu.

Da Sihaba akashinda raundi ya kwanza, akashinda ya pili. Kigari kilikuwa kinapiga kelele kama mashine ya kusaga, lakini kila kikienda kinafika pale pale alipoandika. Wenye magari makubwa walikuwa wanakosea kwa pupa zao. Watu waliokuwa wakicheka asubuhi wakaanza kusogea kwenye uzio kila namba yake inapoitwa.

Nusu fainali akapangwa na kijana anaitwa Guo. Gari lake la njano liko chini kiasi kwamba akishuka anatoka kama mtu anayetoka shimoni. Baba yake ndiye anayeipa klabu matairi. Da Sihaba alikuwa ameandika sekunde ishirini na moja, Guo kumi na mbili. Kijana alitakiwa angoje sekunde tisa nzima akikitazama kile kiboflo kinajiendea zake.

Akashindwa kungoja. Da Sihaba alikuwa amefika katikati ya njia, gari la njano likaruka, na upande wake taa ikawaka nyekundu. Tuliiona sote, hata mtoto aliyekuwa begani kwa baba yake aliinyooshea kidole. Nikapiga vigelegele peke yangu, mwanamke wa Temeke katikati ya Wachina, wakageuka kunitazama huku wanacheka.

Da Sihaba alirudi polepole, uso umechangamka. Hajafika hata pale nilipokuwa, spika ikalia. Ni Bwana Qiu. Alisema taa ya upande wa Guo ilikuwa na hitilafu, jua liliipiga, kwa hiyo watarudia.

Kisha akaongeza: "Mgeni wetu kutoka Afrika ni mtu wa michezo, hatajali."

Nilimwona Da Sihaba anasikia. Alikuwa anafungua kamba ya kofia, mkono ukasimama. Halafu akaifunga tena, akawasha gari, akalipeleka mpaka kwenye mstari wa kuondokea, akaligeuza likakaa mshazari na kuziba njia zote mbili. Akavuta breki ya mkono, akashuka, ufunguo akautia mfukoni.

"Taa mbovu tangu lini?" aliuliza. Kichina chake ni cha sokoni, hakina adabu za mezani, na sauti yake haikuhitaji spika.

Bwana Qiu akaja mbio mbio akitabasamu. "Dajie, dada mkubwa, usikasirike. Ni kurudia tu."

"Nimekuuliza, mbovu tangu lini? Asubuhi Mzee Huang kawakiwa nyekundu. Upande ule ule! Mlimtoa. Yule wa gari jeupe mlimtoa. Kama taa ni mbovu, waite wote warudie. Kama ni nzima, huyu kijana ametoka."

"Bu xing, haiwezekani, giza litaingia."

"Basi ni nzima."

Guo alikuwa ameegemea gari lake anachezea simu, kama vile ugomvi haumhusu. Bwana Qiu akashusha sauti, akasema atampa seti ya matairi mapya, bure, akubali kurudia. Nilijua hapo ameharibu.

"Nimekuja kuomba mimi?" Da Sihaba aliuliza. "Matairi niliyonayo yana kasoro gani?"

Alipoona hilo limegonga mwamba, Bwana Qiu akabadilisha uso. Akasema kwanza lile ni gari la mizigo, na kwa kweli magari ya mizigo hayaruhusiwi, walimvumilia tu kwa urafiki.

Damu ilinipanda nikasahau kwamba mimi ni mtazamaji. "Na asubuhi mlipochukua kiingilio lilikuwa nini?" nilimpigia kelele. "Lilikuwa mbuzi?"

Nilisema kwa Kiswahili. Da Sihaba akakitafsiri kama kilivyo, na mbuzi wake, na watu uzioni wakaangua kicheko. Kicheko kile ndicho kilichowasogeza. Mzee Huang aliweka bakuli chini, akaja akasimama kando ya kigari. Akafuata mwenye gari jeupe. Akafuata Bi Xu, mwalimu wa chekechea mwenye kigari cha waridi, ambaye alikuwa ameshaingia fainali na angeweza kukaa kimya. Yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ya kuwapanga watoto foleni: "Bwana Qiu, sote tuna macho."

Basi likaisha hivyo. Guo aliondoka kwa kishindo, vumbi likatuingia mdomoni. Bwana Qiu akatangaza fainali, Da Sihaba na Bi Xu, bila kututazama.

Hapo mtu angependa kusikia kwamba Da Sihaba alishinda. Hakushinda. Nilimwona alivyoshika usukani kama anataka kuung'oa. Hasira ilikuwa bado haijamtoka. Yeye ndiye wa kuondoka kwanza, na aliondoka kabla ya kijani. Ikamuwakia nyekundu.

Mtu mmoja akapaza sauti, "Taa mbovu!" wakacheka tena. Bwana Qiu hakuiacha nafasi ile impite. Akachukua kipaza sauti akauliza kwa upole kama mgeni wetu angependa kurudia.

Da Sihaba aliteremsha kioo. "Taa nzima," alisema. "Nimekosea mimi." Akampungia mkono Bi Xu apokee kikombe chake.

Tulipokuwa njiani kurudi nikamwambia asijali, fainali si haba.

"Siumii kwa fainali," alisema. "Kimeniuma kimoja. Alisema sitajali. Hakuniuliza kama najali. Miaka kumi na moja nipo hapa, Muzdalifa, nanunua kwao, nalipa kodi kwao, nimeuguza na kuzika watu hapa. Lakini wakitaka kunidhulumu, mimi ni mgeni, na mgeni hajali."

Hata sasa ninapoandika hili moyo unanichemka.

Na hawakuishia hapo. Wiki iliyofuata, kwenye kundi la simu la klabu, likaja tangazo: kuanzia sasa magari ya mizigo hayataingia mashindanoni. Magari ya mizigo! Klabu nzima ina moja, na kila mtu analijua ni la nani. Da Sihaba alilisoma pale dukani Shahe, akarudisha simu mkobani, akaendelea kuhesabu fulana. Mzee Huang ndiye aliyejibu, na naamini hajawahi kuandika kitu kirefu kama kile maishani mwake. Alisema kama kigari cha dada hakiingii, na gari lake haliingii. Bi Xu akaandika "na changu." Wengine wakafuata, si wote, lakini wa kutosha kuutia uwanja hasara.

Lile tangazo lilifutwa usiku, bila maelezo wala samahani.

Mwezi uliofuata tulikwenda tena, na machungwa safari hii tuliyabeba sisi. Da Sihaba alitolewa raundi ya kwanza, kihalali kabisa, na mpaka tunafika nyumbani alikuwa anaitukana gia ya pili.