Mtu wa Mikrofoni
Katika mikutano ya mgodi, mtu wa mikrofoni huketi pembeni, macho mekundu kwa uchovu, vidole juu ya vifungo vya mashine yake. Mkurugenzi akinguruma, humshusha sauti; mfanyakazi akinong'ona, humpandisha, nami ninayeandika kumbukumbu huwasikia sawasawa. Jumanne, Mukalay, mjumbe wa wachimbaji, aliomba shimo la chini lifungwe kabla mwamba haujawaangukia watu. Sauti yake ilififia kwa woga. Vidole vile vikaipandisha, ikajaa ukumbi mzima.

"Citoyen, mushushe huyu!" mkurugenzi akamfokea mtu wa mikrofoni, akimwita "raia" kwa Kifaransa.

"Sauti yake iko sawa na yenu, tata," alijibu kwa uchovu, kwa heshima ya mwana kwa baba, bila kuinua kichwa.

Mkono wake haukuondoka kwenye kifungo mpaka Mukalay alipomaliza.