Shikamoo ya Ijumaa

Tuliosoma pamoja tuna kundi la WhatsApp siku hizi, na kila baada ya muda mtu anakumbushia habari za kibao, basi watu wanacheka siku nzima. Mimi sijibu. Wanadhani nina maringo. Maringo ninayo, lakini sababu si hiyo.

Kibao kilikuwa kipande cha mbao ya sanduku chenye matundu mawili na kamba ya katani. Kiliandikwa kwa rangi nyeusi neno la Kiingereza lenye maana ya mjinga, na aliyeliandika, mwalimu wetu wa nidhamu, aliruka herufi moja. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Ukisikika unasema Kiswahili ndani ya uzio wa shule unavishwa, nawe unazunguka nacho ukivizia, mpaka umsikie mwingine aliyepitiwa, umvishe yeye. Ijumaa tuliruhusiwa mapema kwa ajili ya sala, na saa tano na nusu ilipigwa kengele ya paredi. Atakayekutwa nacho shingoni wakati huo anachapwa bakora tatu za mkononi. Akikutwa nacho Ijumaa tatu ndani ya muhula mmoja anaitwa mzazi, na mzazi ndiye anayepewa bakora amchape mwanawe mbele ya shule nzima.

Nilikuwa kidato cha pili, na muhula wa pili tayari nilikuwa na Ijumaa mbili. Mama yangu, kule Mabawa, hakuwa mtu wa kubembelezwa kwa kazi kama hiyo. Angekuja amevaa baibui lake la harusini na angewashukuru walimu kwa kumkumbuka.

Dawati langu nilikaa na msichana aliyetoka kijiji cha Horohoro, jirani na mpaka, aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake, mtaa wa Nguvumali. Kiswahili chake kilijaa Kidigo, na Kiingereza chake hakikujaa kitu. Kila akiingia darasani tulimwomba pasipoti. Mzaha huo niliuanzisha mimi, na niliuona mtamu kwelikweli: nilinyoosha mkono, nikakunja uso kama afisa uhamiaji, na darasa zima likavunjika mbavu. Yeye alitabasamu kidogo akakaa.

Muhula wa kwanza kibao kilikuwa chake karibu kila siku, ingawa Ijumaa kilimkuta mara mbili tu. Siku moja kiko shingoni mwake, nikasahau nikamwomba rula kwa Kiswahili. Alinitazama, akaweka kidole mdomoni kunionya, akanipa rula. Ijumaa ile alichapwa yeye.

Muhula wa pili akapata dawa yake: akanyamaza. Toka anaingia getini asubuhi mpaka anatoka, hakufungua mdomo. Akiulizwa swali alikwenda ubaoni, akaandika jibu, akarudi kukaa. Hesabu zake zilikuwa sahihi siku zote. Najua, kwa sababu nilikuwa nazinakili.

Basi Alhamisi moja jioni nilijikwaa kwenye ngazi ya maktaba, nikasema, "Mama yangu wee!" Ndio nikavishwa.

Asubuhi yake shule yote ilinikimbia kama mwenye upele. Wakiniona nakuja wanafunga midomo, au wananisalimu kwa Kiingereza cha kwenye kitabu huku wanacheka. Mpaka mapumziko ya saa nne nilikuwa sijamnasa hata mtu mmoja. Kichwani nilimwona mama yangu katikati ya paredi, nikaona na mkono wake.

Hapo akaja kiranja kumwita jirani yangu wa dawati: baba yake yuko ofisini, amemletea unga.

Nilimfuata. Nisijitetee hapa kwamba nilikuwa napita. Nilimfuata kwa sababu nilijua binti aliyelelewa na watu hawezi kukutana na baba yake asimwamkie, na Kiingereza hakina shikamoo. Kina habari za asubuhi, ambazo unaweza kumpa hata paka.

Baba yake alikuwa amesimama karibu na mlingoti wa bendera, mtu mwembamba, kofia ya kiua, mfuko wa sandarusi miguuni. Akanyoosha mkono. Msichana akageuka, akaniona mimi na kibao changu hatua tatu nyuma yake. Alielewa. Ninachotaka kieleweke ni hicho, kwamba hakupitiwa. Alikitazama kibao, akautazama mkono wa baba yake, halafu akaupokea kwa mikono miwili na kuubusu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nilikuwa nimeshaanza kuvua kamba. Nikamvika, nikaiweka sawa kwenye kola yake. Baba yake hakujua kusoma Kiingereza. Alinitazama kwa furaha, kisha akakitazama kibao kwenye kifua cha binti yake.

"Mashallah," akasema. "Wamekupa cheo?"

Nami nikaenda kunywa maji bombani, nikanywa sana.

Nilidhani atachapwa bakora tatu, basi, maana muhula ule ilikuwa Ijumaa yake ya kwanza. Lakini baba yake alibaki. Alitaka waende pamoja Nguvumali akamsalimie dada yake. Kengele ilipolia, mwalimu wa nidhamu alimwona amekaa kwenye benchi la ofisi, na mwalimu yule alipenda watu wamtazame. Akasema mzazi ameshafika mwenyewe, ya nini kungoja Ijumaa ya tatu? Akamleta mbele, akamkabidhi bakora.

Mzee wa watu aliishika kama kitu ambacho mtu amemwomba amshikie mara moja.

"Kafanyani?" akauliza.

"Ameongea Kiswahili, mzee. Hapa ni marufuku."

"Kamwambia nani?"

Mwalimu akaniita mimi nitoe ushahidi. Nikasimama wima, nikaeleza kwa Kiingereza, na kilinitoka safi sana siku ile kuliko siku zote. Mwalimu akamtafsiria: "Amekuamkia wewe."

Paredi ikacheka. Walianza kidato cha kwanza huko pembeni, ikasambaa mpaka kwa walimu. Mwalimu wa nidhamu naye alicheka, akajifuta jicho, akasema kwamba hata hivyo sheria ni sheria. Mimi nilicheka kuwazidi wote.

Baba yake alisubiri kicheko kiishe. Nadhani alikuwa anasubiri mtu aseme ilikuwa mzaha. Alikuwa mtu wa kuheshimu walimu, na binti yake ndiye wa kwanza kwao kufika sekondari. "Mwalimu kasema," akamwambia, na msichana akatoa kiganja. Akampiga tatu, pole pole.

"Hizo hazihesabiki, mzee," mwalimu akasema. "Anza upya."

Akaanza upya. Hizo tatu za pili zilisikika mpaka nyuma ya mstari. Msichana hakulia na hakumtazama baba yake. Mimi nilikwenda nyumbani nikala wali na samaki, nikaongeza. Nilifurahi, na sitadanganya leo nikasema nilikosa usingizi. Aibu ilinijia baadaye, ilikuja yote pamoja, na haijaondoka.

Baba yake alikuja tena mwezi wa mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Tulikuwa tunatoka darasani, mimi na binti yake, tumeongozana bila kusemezana. Siku hiyo kibao kilikuwa kwa msichana mmoja wa kidato cha kwanza, kule upande wa vyoo, mbali kabisa. Hakuna ambaye angesikia.

Mzee akanyoosha mkono. Binti yake akainama, akachukua mfuko wa unga, akaukumbatia kwa mikono yote miwili, akasimama anatazama chini. Mkono wa baba ukabaki pale. Ningeweza kumwamkia mimi. Kwetu mtoto yeyote humwamkia mtu mzima yeyote. Mdomo ulikataa.

Kwetu mtu mzima asipoamkiwa husema marahaba kwa sauti ya juu, ili mtoto aone haya na wapita njia wasikie. Yeye aliisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hujambo?"

Akangoja. Kisha akamjibia mwenyewe, "Sijambo, baba," akaurudisha mkono wake, akaenda zake getini.