Lami ilibaki nzima, chuma kikaisha: gari la Mama Neema na "kinga ya kutu" Lushoto

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo poleni na mihangaiko.

Nimeingia humu nikiwa na hasira. Juzi kuna mwenzetu ameuliza afanye nini gari lake lisiliwe na kutu chini, na majibu yakamiminika: "Mkuu, piga undercoating ya lami fasta kabla ya mvua, sahau." Mtu mmoja kasema hivyo, kumi wamegonga like.

Sahau?

Mimi sijasahau, na huu ni mwaka wa thelathini na kitu. Naandika nilichokiona kwa macho yangu. Picha sina, kamera enzi hizo ilikuwa mali ya mtu wa studio. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka akainue kapeti ya gari lake kwanza ndipo arudi kunibishia.

Nijitambulishe kidogo. Shule niliiacha nikiwa bado sijamaliza msingi, siyo kwa ujinga, ila miguu yangu haitulii. Nimezaliwa Singida. Nikashuka hadi mashamba ya mkonge Korogwe, nikajifunzia trekta huko, nikapata leseni. Siku moja nikauliza yale maji ya mto yanatoka wapi, wakanionyesha milima. Nikapanda kwenda kuona. Nikakaa miaka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Walioishi wanajua. Kabla ya hapo gari Lushoto ni la serikali, la misheni, au bovu. Ghafla meli zinashusha pickup za Kijapani bandarini Tanga na Dar, mtu yeyote mwenye nguvu zake ananunua.

Mama Neema alikuwa mmoja wao.

Huyu alikuwa mjane, mkulima wa Magamba juu kule msituni, Mlutheri wa kweli siyo wa Krismasi. Kabichi, karoti, plamu. Alichoka kuona walanguzi wa Mombo wanampangia bei wakati mzigo unaoza. Akauza ng'ombe. Akauza na kipande cha shamba la bondeni alichoachiwa na marehemu mumewe, ndugu wa mume wakanuna mpaka leo nadhani. Akanunua pickup nyeupe, kuukuu lakini nzima, akaniajiri kuiendesha.

Shikeni hilo, maana ndilo lililokuwa mezani. Lile gari lilikuwa shamba lake. Likifa, hana pa kurudi.

Aliniambia siku ya kwanza: "Baba, mimi sijui gari. Najua ng'ombe. Ng'ombe akikohoa naamka. Hili likikohoa, uniamshe."

Nikasema sawa Mama.

Sasa kwa wasioijua Lushoto: kule ukungu unaingia hadi kabatini. Unaanika shati asubuhi, jioni unalikamua. Chuma hakikauki. Na kulikuwa na desturi moja ya magari: Jumamosi mchana yote yanapelekwa mtoni kuoshwa, juu, chini, na ndani, ili Jumapili yapande kanisani yanang'aa. Mwenye gari chafu Jumapili alikuwa kama mtu aliyekuja ibadani na ndala.

Hapo ndipo alipotokea mtu waliyemwita Injinia.

Sijui alikuwa injinia wa nini. Alitoka Dar na kompresa, bunduki ya kupulizia rangi na mapipa ya lami. Ovaroli safi, sauti nene. Wiki haikuisha akawa ameshajiunga na kwaya, besi. Akaanza kutangaza "kinga ya kutu". Anapuliza lami chini ya gari lote, halafu anainua kapeti anapuliza na sakafu ya ndani. Gari linatoka jeusi tii tumboni, linameta.

Na alipiga hesabu yake vizuri. Alijikita palepale mtoni, Jumamosi. Gari linatoka kuoshwa, linaingia kwake, Jumapili linapanda kanisani na tumbo jipya. Watu walichuchumaa nje ya kanisa kuchungulia chini ya magari ya wenzao. Nawaambia ukweli, wazee wazima na tai zao, wamechuchumaa!

Mama Neema naye akataka.

Tukalipeleka. Maji bado yanachuruzika kwenye chesisi. Chini ya milango kulikuwa na vitundu, na kwenye zile boksi za pembeni unapokanyaga kuingia, na sakafuni pia kulikuwa na vile vizibo vya mpira. Mimi ni mtu wa kuuliza, siwezi kujizuia. Nilimwona anafunika vitundu vyote.

"Injinia shikamoo. Hivi, vitundu hivi Mjapani aliviweka vya nini?"

"Marahaba. Ni vya kiwandani, vya kushikia bodi wakati wa kupaka rangi. Kazi yake iliisha hukohuko Japani."

"Na maji yakiingia ndani yatatokea wapi?"

Akageukia waliokuwa wanasubiri zamu. "Jamani, dereva anataka gari lenye matundu! " Akanirudia mimi kwa neno la kule la kumwita mwanamume: "Mgosi, wewe nyumbani kwenu mnatoboa bati ili mvua itoke?"

Mto mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, maana lilichekesha. Akamaliza kwa kujipiga kifua: "Mama Neema, hapa hata tundu la sindano sijaacha."

Mama akamjibu kwa Kishambaa, "Hongea," yaani ahsante, kwa moyo wote.

Mvua za masika zikaja.

Kwanza vioo vikaanza kutoa jasho kwa ndani. Halafu harufu, kama gunia la viazi lililosahaulika. Halafu nikaanza kusikia mlango wa kushoto, upande wa Mama, ukisema chwaa kila nikikata kona. Kona ya kulia, chwaa. Kona ya kushoto, chwaa. Na barabara ile ya kushuka Soni hadi Mombo ni kona tupu.

"Baba, hili gari lina mimba?" Mama akaniuliza.

Tukaenda kwa Injinia. Akatega sikio, akatikisa kichwa kama daktari. Akasema ni petroli inacheza kwenye tangi.

Petroli. Kwenye mlango.

Nilipomwonyesha kwa kidole kwamba tangi liko nyuma na sauti iko mbele, akamwambia Mama, siyo mimi, "Dada yangu katika Bwana, sauti kwenye chuma inasafiri." Akaongeza tabaka jingine la lami, bure, kwa upendo wa kanisa. Unaonaje hapo?

Asubuhi iliyofuata nikachukua spoku ya baiskeli, nikalala chini, nikachokonoa pale palipokuwa na kitundu cha mlango. Wakuu, maji yalitoka kama bomba la shule. Ya kahawia, mazito, na ndani yake magamba ya kutu. Mama Neema alikuwa amesimama na beseni lake, akaona.

Nilidhani kesi imeisha.

Haikuisha. Habari zilimfikia Injinia, akaja hadi Magamba. Akasema dereva ametoboa kinga, sasa hewa imeingia, na kutu inaletwa na hewa. Akaziba. Akaomba na sala kabisa pale uani. Mama akaniita pembeni.

"Nimeona yale maji, baba. Lakini yule ni fundi na wewe ni dereva. Usiguse tena."

Nikanyamaza. Kule juu mtu mzima akiongea mbele ya mwenye mali, na mwenye mali akaamua, wewe uliyekuja juzi kutoka Singida huna kikao cha kukata rufaa.

Sasa kuna jambo jingine, na nitalisema kwa haki ili msije mkasema nimeficha. Tulikuwa tunashusha mboga Mombo, tunapandisha mbolea ya chumvichumvi. Mbolea ikilowa ni hasara, kwa hiyo mfuko mmoja au zaidi ulipanda mbele, kebini, Mama anaweka miguu juu yake. Kila mwenye pickup alifanya hivyo. Punje zilimwagika, zikayeyuka kwenye kapeti iliyolowa. Ile kitu inakula chuma kama mchwa. Ni kweli.

Lakini maji yenye mbolea yangetoka kama yangekuwa na mlango wa kutokea. Yeye ndiye aliyeuziba. Chini lami, juu lami, katikati bati lililopakwa likiwa limelowa. Lilipikwa humo kama kande.

Siku yenyewe, masika mengine yakiwa yameshapita, tulikuwa tunapanda kutoka Mombo, tumeshaikaribia Soni, mchana kweupe. Gia ya chini, taratibu. Mama anaimba wimbo wa kwaya, mfuko wa mbolea chini ya miguu yake.

Nikasikia kitu kama kitambaa kinachanika.

Sakafu ikafunguka. Mfuko ukaanguka barabarani ukapasuka, na mguu wa Mama ukaufuata hadi pajani. Nilikanyaga breki zote alizonipa Mungu. Gari lilisogea kidogo tu, lakini hicho kidogo kilitosha kuvunja mguu kati ya ukingo wa sakafu na barabara.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba, limekohoa."

Nilishuka nikalia, siwafichi. Barabara nyuma yetu ilikuwa nyeupe kwa mbolea kama imeshukiwa na mvua ya mawe. Abiria wa basi lililokuwa linashuka wakatusaidia kumtoa. Laiti tungekuwa tunashuka, kwa mwendo ule wa kushuka, nisingekuwa na hadithi ya kuwaambia.

Akalazwa. Na hapa ndipo damu yangu inapochemka mpaka leo.

Injinia alikuwa wa kwanza kufika hospitali. Na machungwa. Kabla sijamaliza kumwelezea mchungaji kilichotokea, mji mzima ulikuwa unajua kwamba dereva wa Mama Neema alipiga jiwe kwa mwendo kasi, sakafu ikapasuka. Sokoni watu walinitazama kama mbwa aliyeiba nyama. Watoto wa Mama wakaninyang'anya funguo.

Nikaomba kitu kimoja: kabla ya kunifukuza, gari lifunguliwe mbele ya watu. Mama akakubali akiwa kitandani. Siku aliyoruhusiwa kutoka, tukakusanyika uani kwake, yeye kwenye kiti mguu umefungwa plasta, majirani, mzee mmoja wa kanisa, na Injinia na ovaroli yake safi.

Fundi wa kuchomelea akatoa kiti, akainua kapeti, akaanza kukata. Hakuhitaji kukata sana. Aliingiza mikono miwili akainua kitu kikubwa cheusi kama ngozi ya nyati. Ilikuwa lami. Nzima, imara, na umbo lote la sakafu, mikunjo yote, hata alama za boliti. Kati ya tabaka la juu na la chini hakukuwa na bati. Kulikuwa na unga mwekundu, ukamwagikia viatu vya mchomeleaji.

Nikamtazama Injinia.

Wakuu, yule mtu aliishika ile lami, akaikunja, akaikunjua, akawaonyesha watu.

"Mnaona wenyewe," akasema. "Kinga yangu haijapata hata kovu. Chuma cha Mjapani ndicho kibovu."

Na kuna vichwa viliitikia! Nililiona hilo. Mzee wa kanisa akasema tusilaumiane, ni mapito. Injinia akashikana mikono na kila mtu. Mwezi haukufika akahamisha kompresa yake kwenda Bungu, huko nako kuna magari na kuna Jumapili. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi ndiye niliyeambiwa nina moyo wa kutosamehe. Sawa, ninao.

Kwa hiyo ninyi mnaojibu "piga lami, sahau", nawaomba. Lami siyo adui. Lakini ukiipaka juu ya kutu, tope au maji, unaifunika kutu blanketi ilale vizuri. Gari lioshwe chini, halafu lianikwe hadi likauke, siku kadhaa za jua, na kama uko milimani subiri kiangazi. Kwangua kwa brashi ya waya hadi chuma kicheke, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo ufunike. Boksi za pembeni na milango nyunyizia oili nyepesi au nta kwa ndani, ipenye yenyewe. Inua kapeti kila baada ya mvua, na ikilowa itoe kabisa. Mbolea, samaki, chumvi, visipande kebini. Na vile vitundu, nawasihi kwa jina la mama zenu, viacheni wazi. Fundi akikwambia hajaacha tundu, chukua funguo zako uondoke.

Gari la Mama Neema lilipona. Wanawake wenzake wa upatu walimpa zamu yao, yule fundi akachomelea sakafu mpya ya bati la pipa, mbaya kwa sura lakini kavu. Watoto wakanirudishia funguo bila neno. Mama mwenyewe ndiye aliyesema neno, mbele yao: "Niliyaona yale maji kwa macho yangu, nikamwambia anyamaze." Alichechemea maisha yake yote. Shamba la bondeni halikurudi.

Safari ya kwanza baada ya hapo, kwenye kioo cha kati nilikuta kitu kinaning'inia. Wenzake walitundika msalaba, wengine tasbihi. Yeye alitundika ile spoku ya baiskeli. Kila asubuhi aliishusha, akainama kwa shida na mguu wake ule, akachokonoa vitundu kimoja kimoja kabla hajaniruhusu kuwasha.

Siku moja pale Mombo kijana mwenye ndoo ya lami akaja dirishani. "Mama, nikupigie kinga ya kutu?"

Akampa spoku. "Nionyeshe kwanza maji yatatokea wapi."

Kijana akaigeuzageuza ile spoku, akaangalia gari, akaangalia ndoo yake. Akaondoka.

Haya wakuu, jukwaa ni lenu. Nani ameinua kapeti leo, na amekuta nini? Na wewe uliyetoa ule ushauri juzi, wa kwanza kujibu uwe wewe.