Paa la Mabati Kwenye Ukungu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya picha mjini Nyeri, niliingia na shahada ya sanaa na skafu shingoni. Fundi Mkuu aliitazama skafu. “Hiyo itafaa kupangusia brashi,” akasema. Ilifaa.

Tulichora mandhari kwa ajili ya hoteli na watu waliohama. Fundi Mkuu alinifundisha kuanza na mlima kabla haujajifunika, kisha matuta, la mbali likiwa la buluu zaidi kuliko la karibu. Mwisho ni ukungu: rangi iliyozimuliwa kwa mafuta mpaka ikawa nyepesi kama chai ya turungi. Ukungu ndio humfanya mtu akumbuke kwao, alisema. Na nyumba ziwe za nyasi. Kila mara nyasi.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa boma la mama mjane wa Giakanja. Nyumba yake ingebomolewa, mwanawe ajenge ghorofa.

“Akiikataa picha,” Fundi Mkuu akanionya, “kesho usije.”

Nilichora ukungu ukipanda kutoka bondeni mpaka mimi mwenyewe nikalengwalengwa na machozi. Mama akaja, akatazama.

“Kijana, hii ni nyumba ya nani?”

“Ni yako, mama. Ya zamani.”

“Ati nyasi! Sisi akina mama wa kikundi tulichangiana mpaka kila mmoja akapata mabati. Mimi nilikuwa wa mwisho. Tuliimba mpaka sauti ikaisha! Na wewe umeniezulia?”

“Mabati huharibu hisia, mama,” Fundi Mkuu akasema.

“Hisia ya nani?”

Nilikuwa tayari nimeshika brashi. Rangi ilikuwa bado mbichi. Nikafuta nyasi, nikapaka kijivu, kisha ukingoni mstari mmoja mweupe, pale jua la asubuhi linapogonga bati. Picha nzima ikaamka! Mlima, uliokuwa umejitanua kama chifu, ukarudi nyuma. Ukungu wote ukakusanyika kulizunguka lile paa. Niliruka kwa furaha, nikamwaga tapentaini kwenye viatu vya Fundi Mkuu.

Mama aliinamisha kichwa kama anayesikiliza. “Sasa hiyo ndiyo. Hata mvua naisikia.”

Fundi Mkuu akapangusa viatu kwa skafu yangu. “Kesho uje mapema.”

Nilikwenda mapema miaka mingi, Nyeri, kisha tawi la Nanyuki, hadi macho yaliyofifia yaliponistaafisha kabla ya mvi. Juzi nilimtembelea mama. Ghorofa imesimama, ina paa la vigae. Mvua ikaanza kunyesha, na ndani hatukusikia kitu. Mama akavuta viti viwili mbele ya picha.

“Kaa,” akasema, “tusikilize.”