Simba wa Kwenye Kisagio cha Kahawa

Huku kwetu Nkoaranga, chini ya Mlima Meru, watu wawili wakikutana hawaachani kabla hawajatafutana ukoo. Unamuuliza mwenzako anatoka wapi, mama yake aliolewa kutoka kilima gani, shangazi yake anasali usharika gani, na ukiwa na subira, kwenye kikombe cha pili cha chai mtagundua kwamba babu zenu walibatizwa siku moja. Mimi nilipostaafu uinjilisti tabia hiyo nikaihamishia kwenye magari ya zamani. Mke wangu anasema ni uzee. Mimi nasema ni neema, maana Mungu amenipa muda.

Nilianza na Landrova langu, ambalo limenipeleka kwenye mitaa yote ya usharika wetu, kwenye matope na kwenye vumbi. Nilikuja kusoma kwamba bodi yake ni ya alumini kwa sababu baada ya vita kuu chuma kilikuwa haba huko Ulaya, wakatumia bati la aina ile waliyokuwa wakiundia ndege. Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa naendesha binamu wa ndege na sijui. Baadaye nikagundua kwamba Moris Maina, gari la mwalimu wangu wa shule ya Biblia, na ile Mini ndogo kama boksi la viatu, zilichorwa na mtu mmoja. Nilifurahi siku nzima. Mke wangu aliniuliza kama kuna aliyezaliwa.

Sasa, marehemu mdogo wangu aliacha kijana mmoja, ambaye alisomea misitu chuoni Olmotonyi na sasa anafanya kazi kwenye mashamba ya miti. Kijana huyo akampenda binti wa Kichaga, mtoto wa mfanyabiashara wa vipuri mjini Arusha. Baba wa kijana hayupo, kwa hiyo kazi ya kwenda kuposa ikaniangukia mimi. Aliniambia jambo moja tu: "Baba mkubwa, usipoleta jibu, mimi sina mwingine wa kumtuma."

Tulikwenda wazee watatu, na suti zetu, nyumbani kwa baba wa binti kule Terrat, pembeni ya mji. Alitupokea vizuri, akatuletea soda, akatusikiliza mpaka mwisho.

"Wazee wangu, kijana wenu simchukii," akasema. "Ila binti yangu ni Mkatoliki, na ndoa yake itafungwa kanisani kwake. Hilo halina mjadala."

Hapo ingefaa ninyamaze. Lakini miaka mingi ya mimbari haimtoki mtu upesi. Nikajibu kwa sauti ya Jumapili: "Kwetu sisi, mke humfuata mume hata madhabahuni."

"Basi malizieni soda," akasema.

Tulitoka nje. Ndipo pembeni ya nyumba nikaona, chini ya turubai lililopanda upande mmoja, pua ya Pijo 404. Miguu yangu ilisimama yenyewe. Nikasema, bila kufikiri, "Mzee, hili gari lako ni ndugu wa kisagio cha kahawa cha mke wangu."

Alikuja kusimama kati yangu na gari. "Umekuja kumchukua binti yangu, na sasa unaliita gari langu kisagio?"

"Sikulitukana. Waliounda Pijo walitengeneza visagio vya kahawa kabla hawajatengeneza gari hata moja. Cha mke wangu tuliachiwa na nesi wa misheni. Kina alama ya simba."

"Simba gani?"

"Huyo huyo aliye kwenye gari lako."

Wenzangu walikuwa wameshafika getini, wananipungia mikono kama watu wanaomwita mbuzi. Baba wa binti akafunga turubai lake vizuri. "Wewe Mwinjilisti unanidanganya mchana. Kilete hicho kisagio. Simba akiwa huyo, tutakaa tena tuzungumze habari ya watoto. Asipokuwa huyo, usirudi."

Nilipowaeleza wenzangu kwamba posa ya mtoto wetu sasa imening'inia kwenye kifaa cha jikoni, mmoja alishika kichwa. Kijana mwenyewe alipopata habari hakucheka hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwangu, akakigeuza kile kisagio huku na huku, akapangusa kibati cha mbele kwa kidole chenye mate. Simba alikuwepo, amefifia kama picha ya kipaimara ya zamani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda peke yangu, kisagio kimefungwa kwa kitenge. Baba wa binti alivaa miwani. Alikiweka juu ya boneti ya Pijo, akainama, akatazama simba wa kwenye kisagio, akatazama simba wa kwenye gari, akarudia. Kisha akacheka mpaka mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na kitu, akatoka na fimbo yake kuja kuona kuna nini.

"Na bado," nikamwambia. "Simba huyu hakuanza kwenye kahawa wala kwenye magari. Alianza kwenye misumeno. Meno yake ndiyo yalikuwa sifa ya msumeno. Na mtoto wetu ni mtu wa misitu, yuko na misumeno kila siku."

"Ahaa! Kumbe unanizungushia hapo!" Akanipiga bega. "Sasa sikiliza na wewe. Hilo Landrova lako unalojivunia, lile la kwanza kabisa la majaribio lilijengwa juu ya fremu ya Jipu. Jipu la Wamarekani!"

Nilikataa. Akatoa simu, akanisomea. Ilikuwa kweli, na nakiri niliumia kidogo, kama mtu aliyeambiwa babu yake alikuwa mgeni kijijini. Nikamlipa kwa Foksi, yaani Volkswagen: kiwanda chake cha Ujerumani, baada ya vita, kilifufuliwa na afisa wa jeshi la Kiingereza. Watu waliokuwa wakirushiana mabomu juzi, leo mmoja anamtengenezea mwenzake magari. Akasema hiyo hakuijua. Akaagiza chai. Tukaingia kwenye malori, tukatoka kwenye malori, na jua likazama.

Nilifika nyumbani nimejaa furaha. Mke wangu na kijana walikuwa wamekaa sebuleni wananisubiri.

"Wamesemaje?" akauliza mke wangu.

"Huwezi kuamini. Landrova lilianzia kwenye Jipu!"

Kijana alinitazama, nami polepole nikakumbuka kilichonipeleka Terrat. Jina la binti sikulitaja hata mara moja. Nimewahi kusahau mstari wa zaburi nikiwa madhabahuni, lakini aibu ile ilikuwa kubwa zaidi, maana mtoto yule alisema tu, "Haya, baba mkubwa," akaenda kufungia ng'ombe.

Mara ya tatu mke wangu alikwenda nami, na alinionya njiani kwamba nikitaja gari lolote atashuka. Tulimkuta baba wa binti kwenye mlango wa sebule, na yeye alikuwa ameonywa pia. Nilimwona jinsi alivyomwangalia mama yake.

Tulikaa. Yeye akaanza na kanisa lake. Mimi nikaanza na langu. Bibi akagonga fimbo sakafuni.

"Nyinyi wawili juzi mmepatanisha Mjerumani na Mwingereza hapo nje. Hawa watoto wanawashinda? Kuna aliyemuuliza huyu binti?"

Hakukuwa na aliyemuuliza. Akaitwa kutoka jikoni. Akatusalimia, "Shikamooni," akasimama karibu na bibi yake.

"Baba, sisi tulishakwenda kwa paroko, tukaenda na kwa mchungaji," akasema taratibu. "Ndoa itafungwa kanisani kwetu, mimi nitabaki Mkatoliki na yeye atabaki Mlutheri. Paroko anasema inawezekana, na mchungaji atakuja kutuombea. Tulikuwa tunawasubiri nyinyi wazee mmalize."

Nilimtazama baba yake, naye akanitazama. Nilijua ni zamu yangu, kwa sababu ni mimi niliyefunga mlango siku ile ya soda. Haikuwa rahisi. Nilisema, "Mzee mwenzangu, lile neno langu la mke kumfuata mume nimeliondoa. Tutakuja kanisani kwenu, na nitakaa benchi la mbele."

Alipangusa miwani isiyo na vumbi. "Basi mtoto ni wenu," akasema. "Tuombee, Mwinjilisti."

Tukasimama. Yeye akafanya ishara ya msalaba, mimi nikafumba macho, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya binti, kwa ajili ya kijana, kwa ajili ya marehemu mdogo wangu, kwa safari, kwa mvua. Nilikuwa naelekea kuwaombea wagonjwa bibi aliposema "Amina" kwa nguvu na kuanza kupakua machalari ya ndizi na nyama.