Bangili ya Chuma Tuliyoifunga kwa Kamba ya Mgomba

Ndani ya pikapu tulikuwa wanne. Dereva alikuwa Projestus, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Odilia. Nilimlea mimi tangu alipoachishwa ziwa. Katikati nilikaa mimi, Leokadia, wa Bweranyange. Dirishani alikaa Salumu mwenye duka, rafiki wa Projestus, ambaye babu yake alitoka upande wa Tanga. Tulimchagua awe mshenga kwa sababu anajua kusema na watu. Nyuma, pamoja na madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, alikaa Novati, mdogo wangu wa tumbo moja. Tulikuwa tunakwenda Kamuli, kwa akina Jenista, kumposea Projestus. Tuliobaki hai ni watatu.

Kabla ya siku hiyo mimi nilikuwa mtu wa miguu. Nilipalilia migomba yangu mwenyewe. Mvua ikitishia, nilikuwa wa kwanza kuanua kahawa, na kanisani nilipiga magoti bila kushika benchi. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo ninaandika polepole, lakini majina ya watu sijawahi kuyasahau.

Projestus alipenda gari liende. Alinunua pikapu kuukuu, akatoa injini yake, akaweka nyingine kubwa, ya gari lenye nguvu. Vijana wa Omurushaka walisimama kuitazama ikipita. Deo, fundi aliyemfungia injini ile, hakufurahi. Aliniambia mbele ya Projestus:

“Bibi, chini ya gari kuna chuma kirefu kinachozunguka, propela. Ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Sasa injini hii inaisukuma kuliko ilivyozoea. Kiungo cha mbele kikikatika, kichwa cha propela kitaanguka, kitachimba barabara, kitainua gari lote.”

Ndipo akaweka pete nene ya chuma kuizunguka ile propela, karibu na kiungo, ili ikikatika ining'inie humo isifike chini. Wenyewe waliiita bangili. Projestus akanicheka: “Bibi, gari limevaa bangili. Wewe utavaa lini?”

“Nitavaa ukioa,” nikamwambia.

Asubuhi ya safari, tukipakia madumu, bangili ilikuwa inagonga. Bolti yake moja ilikuwa imekatika, nayo imelegea inaning'inia upande. Projestus alimpigia Deo simu. Nilisikia sauti ya Deo: “Usisafiri nayo hivyo. Ilete, nitakufungia bolti.”

Lakini rubisi ilikuwa tayari. Anayejua rubisi anajua ninachosema. Ndizi zimeivishwa, zimekamuliwa, mtama umetiwa, siku imehesabiwa. Ukichelewa kesho yake imechachuka. Kuwapelekea wakwe rubisi iliyochachuka ni kuwaambia kwamba binti yao hamumthamini. Hakuna aliyetaka kurudi nyuma.

Novati akaingia migombani, akarudi na kamba za mgomba zilizokauka vizuri. Sisi hufungia kamba hiyo kila kitu: mzigo wa kuni, mguu wa mbuzi, paa. Akalala chini ya gari, akaizungusha mara nyingi, akakaza kwa meno. Bangili ikanyamaza.

Salumu alicheka mpaka akashika tumbo. “Jamani Wanyambo! Siku mkivunjika mfupa nao mtaufunga kwa mgomba?”

“Wewe kaa kimya,” Novati akamjibu, “rubisi yenyewe hunywi, unaisindikiza tu.”

Tuliondoka tunacheka. Projestus alikuwa amevaa shati jeupe nililomnyooshea mwenyewe.

Njiani hakwenda mbio. Ninalisema hili kwa sababu watu walisema mengi. Ni pale karibu na Kamuli tu, tulipomaliza mteremko, alipokanyaga mafuta ili gari lipate nguvu ya kupanda mlima unaofuata. Nilisikia mtetemo kwenye nyayo zangu. Projestus akasema, “Nini hicho?” Kisha mlio mmoja. Sakafu ikapasuka kati ya miguu yangu, kitu kikanipiga muundi wa kushoto. Nyuma ya gari ikainuka. Niliona barabara mahali pa mbingu.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala kwenye nyasi. Mfupa wangu ulikuwa umetoka nje, mweupe, na damu ilikuwa inatoka kwa kusukuma, inasimama, inasukuma tena. Barabara yote ilinuka rubisi. Mpaka leo nikisikia harufu hiyo kwa jirani ninafunga mlango.

Salumu alinijia kwa kutambaa. “Bibi, nitazame mimi. Usitazame kule.”

“Projestus yuko wapi?”

“Nitazame mimi, Bibi.”

Watu wa Kamuli walikuja mbio kutoka mashambani. Mzee mmoja, jina lake sikulipata na linaniuma, alikata fito mbili, akaziweka pande zote mbili za mguu wangu, akatoa kamba za mgomba, akanifunga. Salumu alikuwa amenishika kichwa. Alipoiona ile kamba, machozi yake yalinidondokea usoni. Akavua koti lake la ushenga akanifunika.

Hospitalini daktari alisema, “Bibi, mguu tutajaribu kuuokoa, lakini goti halitakunjika tena.” Wakaniwekea vyuma vilivyoingia kwenye mfupa na kutokea nje. Kidonda kikatunga usaha. Kilinuka hata mimi mwenyewe nikageuza uso. Nilijisaidia kitandani, mikononi mwa binti yangu. Homa ilipopanda nilisema na watu waliokufa zamani, na Projestus hakuwa miongoni mwao. Kwa hiyo niliamini alikuwa mzima.

Kila nikimuuliza Odilia, alinijibu, “Yuko wodi ya wanaume, Mama.” Alisema hivyo huku akikunja shuka iliyokwisha kukunjwa.

Siku moja akaja msichana na bakuli la uji.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Binti wa nani?”

“Mimi ni Jenista. Wa Kamuli.”

Nilikuwa sijawahi kumwona. Ndiye tuliyekuwa tunamwendea. Akaweka bakuli chini, akanishika mkono. “Bibi, Projestus tumemzika.”

Nilimuuliza kwa nini aniambie yeye. Akasema, “Mama Odilia anashindwa. Na mimi nimechoka kulia peke yangu.” Rubisi ilikuwa haijapokelewa kwao, kwa hiyo hakuwa mke wala mchumba. Msibani kwetu hakuwa na mahali pa kukaa. Alisimama nyuma ya migomba, akasikia udongo ukianguka.

Tangu hapo sikutaka dawa wala uji. Jenista ndiye aliyenigombeza. “Bibi, usipotembea, mimi nitaingiaje kwenu? Nani atanipeleka kaburini kwake?” Nilikasirika. Kisha nikadai magongo.

Nilianguka mara nyingi. Kwapa zilichubuka, kidonda kilifunguka tena, wakakishona. Vyuma vilipotolewa nililia kwa sauti, sioni haya kusema. Lakini nilifika nyumbani. Nilipita njia ya mbele, mkono wangu umeegemea bega la Jenista, watu wa ukoo wakitutazama. Nikawaambia, “Huyu ni mjukuu wangu.” Tulisimama kaburini, migombani, mimi kwa mguu mmoja mzima na magongo. Kupiga magoti siwezi tena. Alipiga yeye kwa niaba yangu.

Ninamshukuru Mungu, na wauguzi walioosha usaha wangu bila kuziba pua, na Jenista. Deo alikuja, akasema kiungo kilikatika, kichwa cha propela kikaikata kamba, na bangili ikaanguka barabarani kabla ya kuishika. Basi wewe mwenye gari lenye nguvu, lala chini utazame. Bangili ikilegea, simama hapo hapo. Rubisi imwagwe. Wakwe wakasirike. Na wewe uliyelala na vyuma mguuni, kula uji wako, kuna mtu anayehitaji bega lako.

Kama nimekosea jambo, nisahihisheni. Novati anasema zile kamba za bangili alizikata Salumu. Lakini ninyi wa Kamuli mliotutoa garini, nina swali moja. Gari lilipoinuka, nakumbuka mkono wa Projestus umetoka kwenye usukani ukanikandamiza kifuani, kunirudisha kitini. Salumu anasema hakuuona. Ninyi mliofika kwanza, niambieni, hata kama ninakumbuka vibaya. Mkono wake mliukuta wapi?