Mtani wa Zahoro

Bakili alikuwa fundi wa miguu ya mbele ya magari pale Gerezani, hatua chache kutoka Kariakoo, na ulimi wake ulijulikana kuliko spana zake. Wengine walimletea magari mabovu, wengine walikuja tu kumsikiliza akimsimanga mwenye gari. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na kila Mzaramo aliyekanyaga gereji yake alijua amekanyaga kwa mtani: atanyang'anywa kofia, atatukanwa mpaka babu yake, na ruhusa ya kukasirika hana. Bakili aliupenda utani huo kupita kiasi. Ukweli ni kwamba hakuwa na namna nyingine ya kuzungumza na watu.

Mzaramo aliyempenda kuliko wote ni Zahoro, muuza viatu vya mtumba pale Mchikichini. Zahoro alikuwa amejiundia gari. Bodi ilikuwa ya Pijo ya marehemu babu yake, fremu ya pikapu aliyoikata mwenyewe, na injini ya silinda sita aliitoa kwenye gari lililopondeka. Lilikuwa jekundu, fupi, halina boneti, na likipita Mchafukoge watu walitoka madukani kulitazama. Ila lilikuwa na ugonjwa. Likikaribia spidi ya sitini, usukani ulianza kutetemeka na mbele kote kukacheza kama mtu mwenye malaria.

Zahoro alishazunguka mjini na ugonjwa wake. Muuza matairi alisema ni matairi, mpiga balansi akasema ni balansi, wa shokapu akasema shokapu zimekufa. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Alibadilisha vyote na gari likaendelea kutetemeka, ndipo akalileta kwa mtani wake.

Bakili akalipiga jeki. Akashika gurudumu juu na chini, akalisukasuka. Beringi zilikuwa nzima. Akalishika kushoto na kulia, likacheza. Akaingia uvunguni, akamwambia Zahoro autikise usukani taratibu, huku yeye ameweka kiganja kwenye tairodi, kile chuma kinachoyashikanisha magurudumu ya mbele yageuke pamoja. Chuma kikajipinda kidogo chini ya vidole vyake. Alipokwangua rangi aliona sababu. Tairodi ya pikapu ilikuwa ndefu mno kwa fremu ile, kwa hiyo Zahoro aliikata, akaiunga kwa kuchomelea, akaipaka rangi nyekundu ikapendeza. Palipoungwa palikuwa na ufa, na ufa ule ulikuwa umeshazunguka zaidi ya nusu. Bakili aliogopa kwelikweli.

Alitoka uvunguni akiwa na neno moja tu la kusema, kwamba gari hili lisiguse barabara. Lakini alipoinua kichwa alikuta watu wameshajaa, wanasubiri.

"Jamani," akasema, "Mzaramo kashona chuma kama anavyoshona kiatu. Huyu tumzike leo leo."

Gereji nzima ikaangua kicheko, na Zahoro akacheka kuliko wote. "Wewe Mnyamwezi, kwenu mizigo mlibeba kichwani. Gari umelijulia wapi?"

"Zahoro, nasema kweli. Tairodi imepasuka. Usilitoe hapa."

Alilisema hilo kwa sauti ya chini, uso ameukunja, na hapo ndipo alipoharibu kabisa, maana uso wa msiba ndiyo silaha kubwa ya mtani. Watu wakashika mbavu. Basi akafanya jambo moja la maana: akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Kitu kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi, hukombolewa. Angeweza kukaa nao mpaka tairodi nyingine ipatikane, na hakuna Mzaramo ambaye angemlaumu. Lakini Zahoro akapiga magoti kwenye oili, akamwita bwana mkubwa, akaagiza kahawa na kashata za watu wote, na kicheko kikawa kitamu mno. Bakili akanywa kahawa, akarusha ufunguo. Alijiambia kwamba atamweleza vizuri kesho, wakiwa wawili.

Kesho hiyo haikufika. Jioni ile ile alipigiwa simu na Mgeni, mdogo wake Zahoro. "Kaka Bakili, Zahoro amefariki. Gari limemshinda kwenye barabara ya bandarini, kaingia chini ya lori la kontena."

"Muulize," Bakili akajibu, "kama na huko ahera usukani unamtetemesha."

Kwenye simu, nyuma ya Mgeni, Bakili akasikia wanawake wanalia, na kilio cha kweli hakiigiziki. Mdomo huponza kichwa, wamesema wazee, lakini mdomo wa Bakili uliponza kichwa cha mwenzake, na chake kikabaki mabegani.

Siku ya hitima alijikunyata nyuma ya turubai, asionekane. Wakamwona. Msiba wa Mzaramo bila mtani umepooza, na mama yake mkubwa Zahoro alikuja mwenyewe, akamshika mkono, akampeleka mpaka mlango wa chumba alimokaa mjane. "Mwanetu Swaumu hajala, hajasema neno," alimwambia. "Mchangamshe kidogo, mtani."

Bakili akasimama mbele ya pazia.

"Shemeji Swaumu," akasema, "mimi ndiye niliyemuua mumeo. Niliuona ule ufa kwa macho yangu. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni, nikamrudishia kwa kikombe cha kahawa."

Kicheko kilianzia kwa wanawake wa jikoni, kikaenda mpaka uwanjani kwa wanaume. Bakili akalia machozi, akasema wallahi ni kweli, na kila alivyoapa ndivyo walivyozidi kuanguka mikekani. Nyuma ya pazia Swaumu naye akacheka, kicheko chembamba, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akina mama wakamshukuru Mungu, wakamletea uji, akanywa.

Mama mkubwa akamfuta Bakili machozi kwa ncha ya khanga yake. Akamsihi asikose kuja siku ya arobaini, awasimulie tena hiyo ya ufunguo.